Sinema ya Kichina na Uhakiki Unaokomea kwenye Ngumi

Wako wahakiki wa Kiswahili wanaoihesabu historia ya filamu za Kichina katika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2011, tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake ilipooneshwa na TBC nchini Tanzania kwa sauti za Kiswahili sanifu. Yaliyotangulia, yaani filamu za Hong Kong zilizopendwa tangu enzi ya Bruce Lee katika miaka ya 1970, huzikwa kwa neno moja: vurugu.

Hukumu hiyo ni ya uvivu. Filamu ya kwanza ya Kichina, ya mwaka 1905, ilinasa vipande vya opera ya Beijing vilivyoigizwa na Tan Xinpei, bingwa wa uimbaji jukwaani. Ile ya mwaka 1928 kuhusu kuteketezwa kwa Hekalu la Lotasi Nyekundu, iliyochochea wimbi la filamu za mapanga, ilitokana na riwaya. Shujaa arukaye juu ya mapaa ana ugeni gani kwa mhakiki amfundishaye Fumo Liyongo, asiyeuawa ila kwa shaba kitovuni? Huyu huitwa urithi, yule, upuuzi.

Tena filamu hizo hazikubaki mijini. Huko Taru, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, mtazamaji Mduruma aliyelelewa kwa ngano hahitaji kuelezwa DJ Afro ni nani anapoisimulia filamu ya Kichina. Ni fanani. Huwabandika wahusika majina mapya, huwakejeli, humsimanga adui kabla hajaanguka. Kabla yake, Derek Gaspar Mukandala, maarufu Lufufu, aliifanya kazi hiyo hiyo Dar es Salaam, kwanza mbele ya hadhira vibandani, kisha katika kanda. Kumpima msimulizi wa namna hii kwa uaminifu wa tafsiri ni kukosa kujua anachokifanya. Itasemwa kwamba Kiswahili cha DJ Afro kimejaa Sheng. Naam, kimejaa; lakini ni lini mtambaji alingoja idhini ya kamusi?

Sauti za Doudou zilitiwa kwa mpango wa kiserikali, na mipango ya namna hiyo huacha kumbukumbu. Kanda za VHS za Lufufu huota ukungu, hasa katika unyevu wa pwani, na idara zinazodai kukusanya fasihi simulizi zingali zikimtafuta fanani chini ya mbuyu.