Leseni ikikataliwa, nani hubeba hasara ya kodi ya duka?

Mji wa Mwingi umekua kwa kuifuata barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa. Maduka, hoteli, baa na nyumba za makazi zimesongamana, na shule haziko mbali. Katika mji wa aina hii, si ajabu mfanyabiashara kulipa kodi ya miezi kadhaa, akatengeneza rafu na kununua friji, kisha akaambiwa na maafisa wa kaunti kwamba mahali hapo hapafai kwa biashara aliyoikusudia. Je, anaweza kuvunja mkataba, au ataendelea kulipia chumba kilichofungwa?

Biashara ya pombe ndiyo inayoonyesha tatizo hili waziwazi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama ‘sheria ya Mututho’, inataka jengo linaloombewa leseni liwe umbali wa angalau mita 300 kutoka shule ya watoto walio chini ya umri wa miaka 18. Mita 300 husikika kuwa chache, lakini ukipima kila upande, shule moja huzungukwa na eneo la takriban ekari 70. Mnamo Machi 2024, Prof Kithure Kindiki, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, alitoa maagizo yaliyolenga pia baa zilizo karibu na shule na katika mitaa ya makazi. Maagizo ya namna hiyo humwangukia muuzaji. Mwenye jengo hayamsumbui sana, maana kodi imo mfukoni tayari.

Wala si pombe pekee. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kubadilisha matumizi ya jengo bila idhini ya kaunti ni kosa linaloweza kuadhibiwa kwa faini ya hadi Sh500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Mwenye ploti ndiye angestahili kujua ploti yake imetengewa shughuli gani. Aghalabu mpangaji ndiye hugundua, naye hugundua akiwa amekwisha kulipa.

Wapangaji wengi huitegemea Sheria ya Wenye Majengo na Wapangaji wa Maduka na Hoteli ya 1965, inayosimamia mikataba isiyoandikwa na ile ya muda usiozidi miaka mitano. Chini yake, mwenye jengo hawezi kumfukuza mpangaji bila ilani ya angalau miezi miwili, na mzozo hupelekwa mbele ya Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara. Hata hivyo, sheria hiyo ilitungwa hasa kwa ajili ya mpangaji anayetaka kubaki.

Anayetaka kuondoka atapata nguvu zaidi katika kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012. Endapo ni sharti la mkataba, liwe limetajwa au linaeleweka tu, kwamba jengo litatumiwa kwa shughuli maalumu, na jengo haliwezi kutumiwa hivyo, mpangaji anaruhusiwa kuukatiza mkataba kwa ilani ya mwezi mmoja.

Ugumu uko katika ushahidi. Mikataba mingi ya miji midogo ni ya mdomo, au ni ukurasa mmoja wenye majina, kiasi cha kodi na tarehe. Mwenye jengo anaweza kudai kuwa alikodisha chumba kwa biashara yoyote halali, hivyo aliyenyimwa leseni ya bia na auze unga. Dai hilo si la kipuuzi. Mpangaji atalazimika kuonyesha risiti, barua au ujumbe wa simu unaothibitisha kwamba matumizi hayo yalikubaliwa. Na ikiwa alijua tangu mwanzo kwamba shule iko mita 200 kutoka hapo, atakuwa na kazi ngumu kuomba huruma.

Kufunga mlango na kutoweka ndilo kosa kubwa zaidi. Bila ilani ya maandishi, kodi huendelea kuhesabiwa, na sheria humruhusu mwenye jengo kuwatumia madalali kunasa mali kwa ajili ya malimbikizo. Aliyenyimwa idhini ya mipango ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo hiyo.

Kuhusu ‘gudwili’, yaani fedha za kuingilia dukani, ilani ya mwezi mmoja haizirudishi. Njia ya hakika ni kuandika katika mkataba, kabla ya kulipa, kwamba leseni ikikataliwa mkataba utakufa na fedha zitarejeshwa.