Kasi Si Undugu: Majibu kwa Madai Sita Kuhusu Jodari na Jamaa Zake

Sisi wa Nshambya tunaamka tukiyaona maji, lakini ni maji ya ziwa. Kwa barabara, bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa Bukoba, na Ziwa Victoria limekaa mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wake. Jodari tunamjua kwa kopo la dukani. Nguru tunamjua kwa vipande vya chumvi anavyokuja navyo msafiri kutoka Dar es Salaam au Tanga. Nduaro wengi wetu tumemwona kwenye picha tu. Pengo hilo kati yetu na bahari limejazwa na maneno. Mengine husemwa sokoni, mengine safarini ndani ya basi, na mengine, inasikitisha kusema, hufundishwa darasani. Nimechagua madai sita na kuyajibu moja baada ya jingine.

Kipimo nitakachotumia hakiwezi kuwa kigeni kwa msomaji wa Buhaya. Mhaya akitaka kujua kama mgeni ni ndugu yake, haridhiki kumtazama sura. Huuliza oluganda, yaani ukoo, kisha huuliza muziro, kile ambacho ukoo huo umekatazwa kula. Mtu wa Muleba na mtu wa Kanyigo ambao hawajawahi kuonana wanaweza kugundua kwamba ni ndugu. Majirani wawili wanaofanana kama pacha wanaweza kukuta kwamba hawana damu moja. Uainishaji wa samaki nao huuliza asili kwanza, sura baadaye.

Dai la kwanza: Jodari ni sangara wa baharini.

Dai hili limetokana na ukubwa wa minofu na ukali wa mlo. Wote wawili ni wakubwa, wote hula samaki wenzao, wote huuzwa ng'ambo. Hapo ndipo ufanano unapokoma.

Mtazame sangara pale sokoni. Mkia wake ni wa mviringo, unaofaa kumrusha ghafla kuelekea windo lililo karibu. Mtazame jodari: mkia wake umechongwa kama mwezi mwandamo, shina la mkia ni jembamba lenye kingo ngumu pande zote mbili, na pezi la mbele la mgongoni hulala ndani ya mfereji wake ili lisimzuie mwendo. Huo ni mwili wa safari. Jodari hawezi kusimama apumue kama sangara; ni lazima aogelee, kinywa wazi kidogo, maji yapite kwenye matamvua yake. Akizuiwa kuogelea, hukosa hewa na kufa.

Kiukoo, jodari yumo katika familia ya Scombridae, na sangara yumo katika familia ya Latidae. Ni koo mbili ambazo haziko hata katika oda moja.

Dai la pili: Nguru, kibua na jodari hawana uhusiano wowote.

Wana uhusiano wa karibu sana. Kibua anatosha kiganjani, na jodari mkubwa humlemea mwanamume mwenye nguvu, lakini wote ni Scombridae. Familia hii ina spishi zipatazo 50 katika jenasi 15. Ndani yake kuna milango kadhaa ya nyumba moja: mlango wa vibua, mlango wa nguru, mlango wa bonito, na mlango wa jodari pamoja na sehewa.

Alama yao unaweza kuiona bila darubini. Nyuma ya pezi la pili la mgongoni, na nyuma ya pezi la tumboni lililo karibu na mkia, kuna safu ya vipezi vidogo vilivyojitenga, vinavyofuatana hadi mkiani kama meno ya msumeno. Kibua anavyo, nguru anavyo, jodari anavyo. Sangara hana. Ukipata nguru mzima, pitisha kidole hapo, utaugusa muziro wa ukoo huu.

Dai la tatu: Nduaro na mzia ni ndugu wa jodari, kwa sababu wote wana mbio.

Anayesema hivi asichekwe, kwa maana wataalamu wenyewe waliamini hivyo kwa miaka mingi. Katika vitabu vya karne ya 20 nduaro, mwenye mdomo kama upanga, aliwekwa kundi moja na jodari. Mzia, mwembamba mwenye meno makali, naye aliingizwa humo na baadhi yao. Hoja ilikuwa umbo na kasi.

Vinasaba vikavunja hoja hiyo. Tangu miaka ya 2000, tafiti zilizolinganisha DNA za samaki hawa zimeonyesha kwamba nduaro na mzia wako mbali na Scombridae. Kundi lao ni lile lenye kolekole, na pia lenye wale samaki bapa wanaolala mchangani macho yote mawili yakiwa upande mmoja.

Msomaji wa Kagera asikilize hapa kwa makini: kundi hilohilo pana ndilo lenye familia ya Latidae, familia ya sangara wetu. Kwa hiyo nduaro wa bahari kuu, tunayemdhania pacha wa jodari, ana udugu wa karibu zaidi na sangara wa Bumbire na Goziba kuliko na jodari anayeogelea kando yake. Bahari iliwapa nduaro na jodari kazi moja, ya kufukuza windo kwenye maji ya wazi, na kazi hiyo ikawachonga miili inayofanana. Wavuvi wawili wa mtumbwi mmoja hupata sugu zilezile mikononi, lakini sugu haziwafanyi wawe wana wa baba mmoja.

Dai la nne: Samaki wote wana damu baridi.

Hili tulifundishwa shuleni, na kwa samaki walio wengi ni kweli. Kwa jodari si kweli. Mwaka 1835 daktari Mwingereza John Davy aliandika juu ya joto la samaki hawa, baada ya kuwapima na kukuta miili yao ina joto kuliko maji waliyotolewa.

Siri iko katika mishipa. Damu inayotoka kwenye misuli ya kuogelea ikiwa na joto hupita bega kwa bega na damu baridi inayoingia kutoka matamvuani, katika mtandao wa mishipa midogo mingi sana. Joto huhamia kwenye damu inayoingia na kurudi ndani, halipotei baharini. Misuli yenye joto hufanya kazi kwa nguvu zaidi, na jodari hupata uwezo wa kuwinda hata kwenye maji ya baridi.

Ajabu hiyo ilimvuta mtaalamu wa Japani, Kamakichi Kishinouye, hata akawatoa jodari katika ukoo wao. Mwaka 1917 aliwaundia oda yao peke yao, akiamini kwamba samaki wa namna hiyo hawezi kuwa ndugu wa kibua. Alichunguza mishipa kwa ustadi mkubwa, ila hukumu yake haikudumu. Mifupa na mapezi ya jodari yalizidi kushuhudia kwamba wao ni Scombridae, wakarudishwa nyumbani. Mtoto mmoja akijifunza ufundi ambao ndugu zake hawana, haachi kuwa ndugu yao. Aidha, baadhi ya papa wa bahari kuu nao huhifadhi joto la misuli kwa mtandao kama huo, na hakuna anayedai kwamba papa ni jodari.

Dai la tano: Sangara hana ukoo, alitengenezwa na wazungu akatupwa ziwani.

Kutupwa ziwani ni kweli. Sangara aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, hasa kutoka Ziwa Albert. Katika miaka ya 1980 aliongezeka kwa kasi, na spishi nyingi za furu, samaki wa asili wa ziwa letu, zikatoweka. Hasara hiyo ni kubwa, na wazee wetu waliokula furu wa kila rangi wana haki ya kuisikitikia.

Lakini kutengenezwa, hapana. Jina lake la kitaalamu, Lates niloticus, linatokana na Mto Nile, alikoishi tangu zamani, na Linnaeus alikwisha kumwandika mwaka 1758. Ana ndugu hapahapa Tanzania: mgebuka, yule samaki mwembamba anayeliwa Kigoma, ni Lates pia, na Ziwa Tanganyika lina spishi nne za jenasi hiyo zisizopatikana penginepo duniani. Ana ndugu baharini vilevile. Lates calcarifer huishi pwani na mitoni, kuanzia Asia ya Kusini hadi Australia.

Ukoo huu nao ulipangwa upya. Humphry Greenwood, aliyewahi kufanya kazi Jinja akichunguza samaki wa ziwa letu, aliupitia mwaka 1976 akauweka pamoja na samaki fulani wa Amerika. Alama mojawapo aliyoitumia ni ule mstari wa ubavuni, ambao kwa sangara hauishii penye shina la mkia bali huendelea hadi ukingoni mwa pezi lenyewe. Mwaka 1995 wataalamu wengine wakaonyesha kwamba matawi hayo mawili yanastahili kutenganishwa, na Latidae ikasimama kama familia kamili. Mstari huo unaonekana kwa macho; mwenye shaka amgeuze sangara ubavu atazame.

Dai la sita: Mambo ya koo ni ya vitabuni, mla samaki hayamhusu.

Yanamhusu mfukoni na tumboni. Chukua neno dagaa. Dagaa wa Bukoba yuko upande wa samaki aitwaye ningu. Dagaa wa Kigoma ni wa jamii ya samaki aitwaye simu. Anayenunua kwa jina tu ananunua samaki tofauti akidhani ni mmoja. Kopo la jodari nalo mara nyingi lina samaki aitwaye Katsuwonus pelamis, ambaye ni wa mlango wa jodari lakini si wa jenasi ya Thunnus, ile yenye spishi nane za jodari wakubwa. Bei zao hazilingani, na idadi yao baharini hailingani.

Kuna pia jambo la afya. Nyama ya jodari, nguru na vibua ikikaa kwenye joto baada ya samaki kufa, bakteria huzalisha ndani yake kemikali iitwayo histamini. Mlaji hupata wekundu usoni, kichwa kumgonga, muwasho, hata kuharisha. Kuipika nyama hiyo hakuondoi histamini. Kinga ni barafu tangu samaki anapovuliwa, na madhara haya yamepewa jina la kitaalamu kutokana na ukoo huu wa Scombridae. Anayejua kwamba nguru na jodari ni ndugu atajua pia kwamba tahadhari ni moja.

Orodha nazo zisituchanganye. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli, husimamia spishi 16, na humo jodari, nguru na nduaro wamewekwa pamoja. Orodha hiyo ni ya usimamizi wa uvuvi, kwa kuwa wote huvuliwa kwenye maji yaleyale, na kwa kazi hiyo inafaa. Haikuandikwa ili ituambie nani amezaliwa na nani.

Ombi langu ni kwa walimu wa Kagera. Mnapofundisha uainishaji, msiishie ubaoni. Nunueni sangara, sato na dagaa hapa Bukoba, na akipatikana nguru mwenye mkia wake, mnunueni pia. Wapeni wanafunzi wahesabu mapezi, wafuate mstari wa ubavuni, wataje tofauti. Mtoto aliyewahi kuuliza muziro wa mgeni anajua tayari namna ya kuuliza ukoo wa samaki. Kazi yetu ni kumwonyesha pa kutazama.