Na Wanafunzi wa Kiafrika Je?

Kwa miaka mingi wanamichezo wa vyuo vikuu vya Marekani walikatazwa kuuza majina yao. NCAA, chama kinachotawala michezo hiyo, kilisema hawa ni wanafunzi, wala mwanafunzi hafanyi biashara. Lakini chenyewe kilifanya! Mwaka 2010 kiliandikiana na makampuni ya televisheni mkataba wa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, kwa mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume tu. Kijana aliyevunjika goti alipewa masomo, chakula na kitanda, akaambiwa ashukuru. Wimbo huo tunaujua. Babu zetu waliimbiwa mashambani.

Vijana hawakunyamaza. Ed O'Bannon, aliyekuwa mchezaji, alikwenda mahakamani mwaka 2009. Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliamua dhidi ya NCAA katika kesi nyingine, na tarehe 1 Julai mlango ukafunguliwa. Siku hiyo hiyo mapacha Haley na Hanna Cavinder wa Fresno State, wenye wafuasi wengi katika TikTok, walitangaza mkataba wao na kampuni ya simu.

Wako wanaonung'unika kwamba kijana wa miaka 19 anayesifu viatu na vinywaji mtandaoni ataharibika. Labda. Lakini mabwana hawa walikuwa wapi kijana huyo alipovaa kifuani alama ya kampuni ya viatu, na fedha zikaenda chuoni?

Linalotuudhi sisi ni jingine. Mwanafunzi mgeni huingia Marekani kwa viza ya F-1, nayo inambana sana asifanye kazi ya malipo. Mtazameni Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi. Mwaka 2022, akichezea Kentucky, alichaguliwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo vyote. Wenzake Wamarekani walitia sahihi mikataba yao palepale nyumbani. Yeye alingoja mpaka timu iliposafiri Bahamas mwezi wa Agosti, ndipo akafanya matangazo huko, nje ya mipaka. Fikirini, ndugu: jasho ni halali Kentucky, malipo mpaka avuke bahari!

Na si yeye peke yake. Wakenya wamekimbilia vyuo vya Marekani tangu zamani. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi 4 za dunia katika siku 81, mwaka 1978. Wanaomfuata leo wamefungwa kwa viza hiyo hiyo.

Serikali za Nairobi, Kinshasa na Dodoma zina mabalozi Washington. Tunawataka walipeleke jambo hili mbele ya serikali ya Marekani kwa pamoja, si kila mmoja kivyake, na wadai ruhusa iliyoandikwa. Mpaka hapo, mzazi mwenye kijana huko amwambie asitie sahihi karatasi ya tangazo lolote kabla ya kuionyesha ofisi ya wanafunzi wageni chuoni kwake.