Kiinua mgongo kisife katika sanduku la posta

Mwaka jana, nikiwa likizoni nyumbani karibu na Keroka, mama mmoja jirani alinijia na bahasha iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu niambie barua hii inataka nini," akasema. Mama huyo aliwatunza wakongwe ng'ambo kwa zaidi ya miaka kumi, kisha akarudi kwenye majani chai yake. Barua ilimtaka ajaze fomu kuthibitisha kwamba angali hai na anaishi pale pale. Ilikuwa imelala katika sanduku la posta la shule kwa miezi mitano. Kufikia siku hiyo malipo yake yalikuwa yamesimamishwa, naye akidhani kosa ni la benki.

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Ni vigumu kupata kijiji katika kaunti za Kisii na Nyamira kisichokuwa na mwana au binti ng'ambo. Jimbo la Minnesota huko Marekani, hasa mji wa Minneapolis na vitongoji kama Brooklyn Park, lina Wagusii wengi. Waliokwenda wakiwa vijana miaka ya 1990 sasa wanaota mvi, na baadhi yao wanarejea. Tunawapokea kwa nyimbo na kuwachinjia mbuzi. Lakini ni nani anayewauliza iwapo wametengeneza mambo ya pensheni na ushuru kabla ya kupanda ndege?

Kiswahili kina jina la busara kwa malipo ya mtu anayestaafu: kiinua mgongo. Aliyeinama usiku kucha akimwinua mgonjwa kitandani anastahili naye kuinuliwa mgongo uzeeni. Kwa hivyo fedha hizi si hisani ya serikali yoyote. Ni sehemu ya ujira wake iliyowekwa akiba. Hata hivyo, ni haki yenye masharti, na asiyeyajua masharti huipoteza haki yenyewe.

Sharti la kwanza ni hesabu ya miaka. Nchini Marekani, mfanyakazi huhitaji alama 40 za michango ili apate pensheni ya Hifadhi ya Jamii, na hawezi kupata zaidi ya alama 4 kwa mwaka. Hii ni miaka 10 ya kazi. Aliyefanya kazi miaka 9 akarudi nyumbani hapati pensheni hiyo, japo alikatwa mshahara kila mwezi. Nchini Uingereza, chini ya utaratibu ulioanza Aprili 2016, kwa kawaida mtu huhitaji angalau miaka 10 ya michango ili apate chochote, na 35 ili apate pensheni kamili. Aidha, pensheni ya Uingereza inayolipwa kwa mtu anayeishi Kenya haipandi kila mwaka kama ya aliyebaki London. Kiwango alichoanza nacho huku ndicho atakachozeeka nacho, hata bei ya unga ikipanda mara tatu.

Sharti la pili ni ushuru. Mgusii aliyechukua uraia wa Marekani huendelea kuwajibika kuwasilisha taarifa za ushuru kwa nchi hiyo hata akiishi Nyansiongo. Iwapo jumla ya fedha katika akaunti zake za nje ya Marekani inazidi dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, hana budi kuzitangaza. Mkenya asiye raia wala mkaazi wa kudumu wa Marekani naye hukatwa asilimia 30 ya sehemu ya 85 katika kila dola 100 za pensheni ya Hifadhi ya Jamii. Yaani, katika kila dola 1,000 hupoteza dola 255 kabla hazijafika benki ya Kisii. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia mapato kutozwa ushuru mara mbili ambao ungempunguzia mzigo huo.

Na huku nyumbani? Sheria yetu ya ushuru wa mapato huigusa pensheni ya hazina ya ng'ambo kwa kadiri inavyohusu kazi iliyofanywa Kenya. Basi jasho la Minnesota si windo la Mamlaka ya Ushuru (KRA). Lakini wengi wanaorejea hujenga nyumba za kupangisha mjini Kisii, na hapo ndipo lugha yenyewe hutuponza. Kwa Kiswahili, kodi ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na kodi ni malipo ya raia kwa serikali. Mwenye nyumba hukumbuka ya kwanza na kusahau ya pili. Tangu Januari 2024, mkaazi wa Kenya anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutokana na nyumba za makazi hutakiwa kulipa asilimia 7.5 ya mapato hayo, kila mwezi.

Serikali ina deni hapa. Marekani imetia saini mikataba ya hifadhi ya jamii na takriban nchi 30, kuanzia na Italia, ambao ulianza kutumika mwaka 1978. Chini ya mikataba hiyo, miaka aliyofanya kazi mtu katika nchi mbili huweza kujumlishwa. Hakuna hata nchi moja ya Afrika katika orodha hiyo. Kwa kuwa sheria ya Marekani hutaka nchi mwenzake iwe na mfumo wa jumla unaolipa mafao ya mara kwa mara, Kenya isingeweza kujivunia sana hazina ya NSSF ya mwaka 1965, iliyompa mstaafu fungu moja na kumuaga. Sheria ya NSSF ya 2013 ililenga pensheni halisi. Sasa tuna la kuweka mezani. Viongozi wanaofunga safari kwenda Minnesota kuomba michango waanze kuzungumza habari ya mkataba.

Walimu nao wasikae kando. Barua za walioko ng'ambo na waliorejea hupitia katika masanduku ya shule zetu. Mwalimu anayeiona bahasha ya serikali ya kigeni asiiache ikusanye vumbi mpaka mkutano wa wazazi. Amtume mtoto jioni hiyo hiyo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayekokotoa asilimia ubaoni anaweza kumkokotolea nyanya yake dola zilizokatwa. Nasi tulio katika idara za lugha vyuoni tunaweza kuzifafanua fomu hizi kwa Kiswahili na Ekegusii, badala ya kuandika makala yanayosomwa na sisi kwa sisi.

Yule mama tulijaza fomu yake mezani kwangu, akatia saini kwa mkono uliotetemeka. "Kumbe ilikuwa inauliza tu kama ningali hai?" akaniuliza. Ndiyo, mama. Miezi mitano swali hilo lilikuwa shuleni, miongoni mwa watu waliosoma, na hakuna aliyelijibu.