Nyumba Mpya Wakati wa Mvua: Tuanze Nje Ndipo Tuingie Ndani

Barua niliyoichagua kuijibu juma hili imetoka Gatete, katika Rumonge, kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Aliyeiandika ni mama kijana, mke wa askari polisi, ambaye amehamia huko baada ya mumewe kupewa uhamisho. Anasema hivi:

“Tumeingia katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na sebule. Tulifika mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Bati linavuja mahali pawili, ukuta wa nyuma una unyevu mpaka usawa wa goti, na mtoto wetu wa miezi minane anakohoa usiku. Nimenunua mapazia na vitambaa vya viti, lakini nyumba bado haina raha. Usiku tunafunga madirisha na kuweka jiko la mkaa chumbani ili mtoto apate joto. Mama, nifanye nini ili nasi tupate starehe kidogo?”

Kabla ya kujibu jambo lingine lolote, namwomba mama huyu, na kila msomaji mwenye desturi hiyo, alitoe jiko hilo chumbani usiku huu huu. Sababu yake nitaieleza kwa kisa kilichonipata mimi mwenyewe, tena huko huko Gatete.

Mwaka 2011 tulihamia huko, nami nikiwa na watoto watatu. Siku ya kwanza mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Mume wangu alikuwa zamu. Nilipika kwenye mbabula, kama wengi wa huko wanavyoliita jiko la mkaa, na tulipokwisha kula nikaona ni hasara kuuzima mkaa uliokuwa bado mwekundu. Nikaliingiza jiko chumbani, nikafunga mlango na dirisha, nikaziba kwa gunia mwanya uliokuwa chini ya mlango. Watoto wakalala kwa furaha. Baada ya muda nikaanza kuumwa kichwa, nikadhani ni uchovu wa safari. Mtoto wa pili akatapika, nikadhani ni samaki aliyekula. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa.

Kilichotuokoa ni hodi. Jirani yetu, bibi mmoja mtu mzima, alikuja kutuletea muhogo wa kutukaribisha. Aliposikia naitikia kwa sauti ya mgonjwa, aliusukuma mlango, akafungua dirisha, akawatoa watoto mmoja mmoja mpaka barazani kwenye manyunyu. Kisha akatafuta watu wa kutupeleka kwenye zahanati. Asubuhi yake aliniambia maneno ambayo sijayasahau: “Mwanangu, baridi ya ziwa hutetemesha tu. Moto uliofungiwa ndani ndio unaoua.”

Ndugu wasomaji, mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo pua haiwezi kukuonya. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu hukosa pumzi ilhali anavuta pumzi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyekwisha kulala huenda asiamke. Ukiona dalili hizo, watoe watu wote nje mara moja, kisha uwapeleke hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu. Wala usidanganyike kwamba mkaa usiotoa moshi ni salama, kwani sumu hiyo hutoka hata kwenye makaa mekundu yasiyo na moshi.

Sasa nirudi kwenye barua. Bibi yule jirani alikuwa miongoni mwa watu wa Rumonge waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 wakavuka kwenda Tanzania. Aliishi Mishamo miaka mingi, akarudi Burundi mwaka 2008, na Kiswahili chake kilikuwa fasaha kuliko changu. Mtu aliyeanza nyumba mara mbili au tatu maishani mwake, mara porini na mara juu ya majivu, anajua lipi la kwanza na lipi la mwisho. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba nyumba mpya hupangwa kutoka nje kwenda ndani. Mama wa Gatete ameanza na mapazia. Simlaumu, kwa kuwa mimi pia nilianza na mapazia. Lakini pazia zuri lililotundikwa kwenye ukuta wenye maji litaota ukungu kabla ya mwisho wa mwezi.

Maji ya nje

Wenzetu wa Ulaya wakisema majira ya baridi, wao hufikiria theluji. Sisi wa mwambao baridi yetu ni mvua. Nchini Burundi mvua huanza kwa kawaida Septemba au Oktoba, hupungua kidogo Januari, kisha hurudi kwa nguvu mpaka Mei. Rumonge ina uwanda wa chini uitwao Imbo, na nyuma ya uwanda huo kuna milima. Maji yanyeshayo mlimani hushuka kwa kasi kuelekea ziwani, na nyumba iliyo njiani hupokea mvua ambayo haikunyesha juu ya bati lake.

Kwa hiyo mvua ijayo itakapoanza, simama mlangoni uangalie maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Ikipita, chimba mfereji upande wa juu wa nyumba, hatua mbili kutoka ukutani. Usiuchimbe karibu na msingi, hasa ikiwa nyumba ni ya matofali mabichi, maana utaulegeza. Uelekeze mfereji mahali pa wazi wala si kwenye ua wa jirani. Kisha tazama ule ukuta wenye unyevu. Mara nyingi utakuta udongo au takataka zimerundikwa nyuma yake. Ziondoe, na uuchongee udongo mteremko ili maji yakimbie nyumba. Ukuta utaanza kukauka wenyewe baada ya siku chache za jua.

Wale wanaokaa karibu kabisa na ziwa wana jambo moja zaidi la kuuliza kabla ya kulipa kodi ya nyumba, nalo ni hili: mwaka 2024 maji yalifika wapi? Mwaka huo Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia katika nyumba za watu mwambaoni, Rumonge ikiwamo. Kanuni ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 inaamuru umbali wa mita 150 kutoka ukingo wa ziwa. Nyumba ya bei rahisi iliyo ndani ya mita hizo huenda ikawa ghali kuliko zote.

Bati na pipa

Bati linalovuja halizibwi wakati wa mvua. Wakati wa mvua kazi yako ni kuweka alama kwa mkaa, kutoka ndani, mahali hasa tone linapoingia. Siku ya jua, baba apande na aangalie misumari kwanza, kwa kuwa matundu mengi hutokea pale msumari ulipolegea. Kipande cha mpira wa ndara kuukuu kilichokatwa kwa duara na kuwekwa chini ya kichwa cha msumari, pamoja na lami kidogo, hutosha. Gharama yake haifikii bei ya pazia moja. Na kwa kuwa nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba aambiwe mapema, kwa adabu, ili mkubaliane nani anagharimia nini.

Bati hilo hilo ni rafiki pia. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa la mita 6 kwa 5 lina mita za mraba 30, hivyo mvua moja nzuri ya milimita 20 huangusha juu yake lita 600. Hata kama nusu itapotea, mama amepumzika safari nyingi za ndoo. Yaache maji ya dakika za kwanza yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo usogeze pipa. Pipa lifunikwe kwa kitambaa au kifuniko, lisije likawa kitalu cha mbu. Maji ya kunywa yachemshwe. Kipindupindu kimewahi kuzuka mara nyingi kwenye mwambao huu, nacho hufuata maji machafu.

Ndani ya nyumba

Baada ya hayo sasa tuingie ndani, na tuanze na kitanda. Kisukumwe mbali na ukuta shibiri mbili, na miguu yake iwekwe juu ya matofali. Chandarua kifungwe ili kishuke mpaka chini ya godoro, kichomekwe pande zote. Joto la mtoto litoke kwenye nguo, kofia, soksi na mwili wa mama. Mchana, hata kukiwa na mawingu, madirisha yafunguliwe saa mbili au tatu, kwa kuwa nyumba iliyofungwa kutwa huhifadhi unyevu na kikohozi. Jiko lipikiwe barazani penye paa au kwenye banda, na mkaa uliobaki ufunikwe kwa jivu huko huko nje.

Kuhusu kikohozi cha mtoto, mama usiningojee mimi. Mpeleke kwenye kituo cha afya. Mtoto wa miezi minane akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 50 au zaidi, au kifua chake kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, basi usingoje hata kupambazuke.

Vyakula visikae sakafuni. Weka mbao juu ya matofali, na juu yake unga, maharage na ndagala. Ndagala waliokauka vizuri hunyonya unyevu upesi. Watie ndani ya chombo chenye kifuniko, na kila jua likitoka uwaanike tena. Mawese yakiganda asubuhi ya baridi usidhani yameharibika, maana ndiyo tabia yake, na yakipashwa moto hurudi. Lakini karanga au mahindi yaliyoota ukungu yatupwe. Kuyaosha hakuondoi sumu yake.

Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, cheti cha ndoa na barua ya uhamisho vitiwe katika mfuko wa nailoni, kisha ndani ya sanduku la bati, na sanduku liwe juu. Familia ya askari hubeba maisha yake katika karatasi hizo. Mlangoni weka gunia la kufutia miguu na beseni la maji, ili tope liishie hapo. Viatu vya kazi vya baba vikija vimelowa visiwekwe karibu na moto, kwa kuwa ngozi itapasuka. Vijazwe magazeti makuukuu, hata gazeti hili mkishamaliza kulisoma, na magazeti hayo yabadilishwe yanapolowa. Kamba moja ndefu chini ya paa la baraza itakausha sare bila kuifanya inuke.

Neno kwa akina baba

Najua kwamba siku ya mapumziko ya askari ni fupi, na mwili hudai usingizi. Lakini mfereji, bati na matofali ya kitanda ni kazi ya siku mbili kwa mwanamume mwenye jembe na nyundo. Mama anayebaki peke yake usiku wa zamu, mvua ikipiga bati, hujua kama nyumba imetengenezwa au imeachwa. Wengi mnakwenda mbali kikazi kwa miezi. Atengenezaye paa kabla ya kuondoka ameacha mlinzi nyumbani.

Na mama naye asione aibu kujuana na majirani tangu siku ya kwanza. Mgeni huona ni heshima kufunga mlango wake na kutomsumbua mtu. Mimi nilifunga mlango wangu mpaka mwanya wa chini, na aliyeniokoa ni mtu aliyekuwa bado hajanijua jina. Piga hodi mbili au tatu, uulize maji hupita wapi, soko la samaki wabichi ni saa ngapi, kituo cha afya kiko upande gani. Majibu hayo ni samani za nyumba mpya kuliko kochi.

Basi, mama wa Gatete, mpango wako uwe huu. Leo usiku, jiko nje. Kesho asubuhi, mtoto kituo cha afya. Juma hili, mfereji na udongo wa nyuma ya ukuta. Siku ya kwanza ya jua, bati. Mwisho wa mwezi, matofali ya kitanda, mbao za chakula na pipa. Mapazia usiyatupe, yakunje uyaweke juu ya sanduku. Ukuta ukikauka utayatundika, na siku hiyo nyumba itakuwa na raha uliyoitafuta.

Niandikie unijulishe mtoto anaendeleaje. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia jinsi ya kugawa mshahara wa mwezi wa uhamisho, mwezi ambao kila kitu hutaka kununuliwa siku moja. Kwaherini.