Mwacheni Wanda alie, ila majirani wamemkosea nini?

Mimi nipo, masikio yananiuma kidogo kwa makelele ya kijiweni, lakini nipo. Na safari hii ugomvi haukuwa wa Simba na Yanga, wala wa nani kapendeza kwenye harusi ya nani. Watu walitaka kutoana macho kwa ajili ya WandaVision, ile tamthilia ya mashujaa wa Marvel iliyotoka mwaka 2021.

Najua, najua. Mtasema huyu naye, mwaka 2021 leo? Tulieni. Kuna watu ndo kwanza wanaimaliza, na kuna walioiona siku zile zile ambao mpaka leo hawajapoa. Itaje tu mbele ya watu watano, utapata kambi tatu, na wa tano atanyanyuka akanunue karanga. Basi na mimi leo natia mguu. Ila natangaza mapema: nitataja mpaka mwisho wake. Ambaye hajaiona na anapenda kushtukizwa, afunue ukurasa wa nyota aone mapenzi yake yanaendaje wiki hii.

Tuanze na kambi ya kwanza. Hawa nawaita chama cha "ngumi ziko wapi?"

Waoneeni huruma kidogo, walikuwa na njaa. Mwaka 2020 ulipita bila filamu hata moja ya Marvel Studios, corona ilikuwa imefunga majumba ya sinema. Halafu Januari 15, 2021 zikatoka sehemu mbili za kwanza za WandaVision. Watu wamekaa mkao wa kula, wanasubiri majengo yaporomoke. Wanaona nini? Picha nyeusi na nyeupe! Mwanamke kavaa aproni, anahangaika jikoni kumpikia bosi wa mumewe. Mume anajigonga gonga kwenye fanicha. Kila neno likitoka, watu wasioonekana wanacheka kwa pamoja kwa-kwa-kwa.

Mshikaji wangu mmoja alirudisha flashi kwa jamaa wa kibandani aliyemwekea, akidai kauziwa kopi mbovu isiyo na rangi. Walibishana mpaka foleni ikajaa. Msimcheke. Disney+, wenye tamthilia yao, walikuwa hawajafika Tanzania mwaka huo, kwa hiyo wengi waliiona kwa njia za panya, na njia za panya huwa na mauzauza yake. Mtu akiona picha haina rangi, anafikiria mwizi kaiba vibaya.

Lakini ile nyeusi na nyeupe ilikuwa ya makusudi kabisa. Kila sehemu ilivaa nguo za zama zake: ya kwanza miaka ya 1950, ya pili miaka ya 1960, ya tatu ikaingia miaka ya 1970 na rangi zake, ikaendelea hivyo kupanda. Walikuwa wanaiga vichekesho vya familia vya luninga ya Kimarekani. Sehemu ya kwanza waliipiga mbele ya watazamaji wa kweli waliokaa kwenye viti na kucheka, kama ilivyofanyika zamani. Mwongozaji wake, Matt Shakman, alikwenda mpaka kula chakula na mzee Dick Van Dyke mwenyewe, mkongwe wa vichekesho hivyo, kumuuliza siri ya kazi.

Sasa Mmarekani akiona hivyo anakumbuka sebule ya bibi yake. Wewe wa Dar unakumbuka nini? Zanzibar walikuwa na luninga yao tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara stesheni za kwanza zilianza mwaka 1994. Wazee wetu miaka ya 1950 walikuwa na redio, tena ya jirani. Kwa hiyo ule utani wa dakika 20 za mwanzo ulitupita kushoto. Ni kama kumwekea mzungu mchezo wa Mzee Jongo wa redioni, halafu unamlaumu hacheki. Ndiyo maana sikubali anayesema waliochoka ni wajinga. Walipewa kumbukumbu za watu wengine wakaambiwa wazilie.

Hata hivyo, aliyevumilia aliona kitu. Kwenye chakula kile kile cha bosi, mzee anapaliwa, anaanguka chini, na mkewe anarudia kusema acha, acha, huku anatabasamu. Kile kicheko kinanyamaza. Hapo mimi nilikaa vizuri. Nikasema hapa pana jambo.

Kambi ya pili ni wapelelezi. Hawa waliangalia kila Ijumaa sehemu moja mpaka Machi 5, ilipofika ya 9 na ya mwisho. Wiki nzima katikati ni kazi ya kuchambua: kalenda ina maana gani, tangazo la kibaniko lina maana gani, yule jirani mbeya Agnes ni nani hasa. Kwa Agnes walipatia, akatokea kuwa mchawi Agatha Harkness, na Kathryn Hahn alivyomcheza yule mama, jamani, mpaka Septemba 2024 wakamtengenezea tamthilia yake peke yake.

Kasheshe ikawa kwa kaka wa Wanda. Pietro alikufa mwaka 2015 kwenye Avengers: Age of Ultron. Sehemu ya 5 inakwisha, mlango unagongwa, anaingia Pietro, lakini ni mwigizaji mwingine! Evan Peters, aliyemcheza kaka huyo huyo kwenye filamu za X-Men za kampuni nyingine. Wapelelezi wakazimia. Wakasema malimwengu yamefunguka, shetani Mephisto yu njiani, wakasema na mengine ambayo hata watunzi hawakuyaota. Mwisho wa siku ikaonekana ni jamaa tu wa mtaani aliyerogwa, na shetani hakutokea. Wapelelezi walinuna mwezi mzima. Kwangu mimi hao sina huruma nao sana. Ukijipikia pilau kichwani, usimdai mwenye nyumba nyama.

Kambi ya tatu ni waliolia. Na hapa ndipo nilipo mimi, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Tuelewane kisa. Sisi tumekulia kwenye sheria ya kibanda umiza: stelingi hafi. Adui ndo anakufa, tena mwishoni, watu wakipiga makofi. Wanda kafiwa na kila mtu. Wazazi wake walikufa kwa bomu lililoangukia nyumba yao akiwa mtoto. Kaka yake kafa. Mpenzi wake Vision kafa mwaka 2018 kwenye Avengers: Infinity War, tena kafa mara mbili: mara ya kwanza Wanda mwenyewe ilimlazimu amuue ili kuokoa dunia, kisha Thanos akarudisha muda nyuma na kumuua tena mbele ya macho yake. Vita ilipokwisha, kwenye filamu ya mwaka 2019, tuliona mazishi makubwa ya Tony Stark, mashujaa wote wamevaa nyeusi. Vision? Hatukuoneshwa hata shada la maua.

WandaVision ndo inatueleza kilichotokea. Wanda alikwenda ofisi ya serikali kudai mwili wa mwenzake akazike. Akaoneshwa wanaufungua vipande vipande kama gari mbovu gereji, akaambiwa ule mwili ni mali ya thamani mno kufukiwa. Akaondoka mikono mitupu. Akaendesha gari mpaka mji mdogo unaitwa Westview, kwenye kiwanja alichokuwa kanunuliwa na Vision wajenge wazeeke pamoja. Kiwanja kitupu. Pale akapiga magoti, uchungu ukamtoka kama mlipuko, na mji mzima ukageuka kuwa kichekesho cha luninga. Mume akarudi, nyumba ikasimama, na watoto mapacha wakaja.

Sasa jamaa wa kijiweni anasema, "Mtu gani analia msiba kwa vichekesho?" Nikamwambia kaka, wewe umezaliwa wapi? Hujawahi kwenda msibani ukakuta watani? Maiti iko ndani, kina mama wamekaa jamvini macho yamevimba, mara anatokea mtani kavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anadai deni la pombe ambalo marehemu hakumlipa. Mjane mwenyewe anajikuta anacheka machozi yakimtoka. Mngoni anawajua watani zake na Mzaramo anawajua wake, na msiba bila wao haunogi. Wahenga hawakuwa wajinga. Walijua uchungu ukikaa peke yake unaoza.

Na watani ni sehemu moja tu. Kuna maturubai yaliyofunga mtaa, daftari la rambirambi, na jirani aliyekuwa hasemi nawe analeta sufuria la uji. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi 4 na siku 10. Kuna arobaini. Na kuna siku ya kuanua tanga, wazee wanasema sasa basi, kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Ile siku ina ukali wake, lakini ni dawa. Kuna mtu anakushika mkono na kukwambia mwisho ni hapa.

Wanda hakuwa na hata kimoja. Hakuna aliyempa pole, hakuna jamvi, hata maiti ya kuzika hakupewa. Vichekesho vya luninga ndivyo alivyokuwa akiangalia na familia yake utotoni, basi akavifanya ndio watani wake. Kwa hapo mimi nalia naye, na Elizabeth Olsen kwa kuigiza uchungu ule nampa heko zote.

Lakini.

Binti mmoja jirani yangu, tena ndiye aliyelia kuliko wote, alinikata kauli na swali moja: "Sawa, kafiwa. Wale majirani wamemkosea nini?" Hapo nikaishiwa maneno. Maana watu wa Westview walikuwa watu wa kweli wenye kazi na watoto wao. Wakafungiwa ndani ya ndoto ya mtu mwingine, wakichekeshwa kwa lazima, usiku wakiota majinamizi ya Wanda badala ya yao. Sehemu ya mwisho kuna mama anamwomba Wanda amruhusu binti yake mdogo atoke chumbani, na yuko tayari mtoto huyo apewe hata kazi ya kucheza na watoto wa Wanda, ilimradi atoke. Haki ya nani, ile sentensi iliniuma kuliko kifo cha Vision.

Halafu inakuwaje? Wanda anaufungua mji, mume na watoto wanayeyuka, anapita katikati ya wale watu wanaomtazama kwa chuki. Rafiki yake Monica anamfariji kwamba hawatajua kamwe alichojitolea kwa ajili yao. Alichojitolea! Mimi nilirusha mto. Mtu akikufungia ndani wiki nzima halafu akakufungulia, unamshukuru kwa kupoteza ufunguo? Hapo watunzi walinikera. Dakika nyingi za mwisho wakazimalizia kwa wachawi kurushiana mioto angani, ili wale wa "ngumi ziko wapi" wasirudi nyumbani na njaa, na wale majirani wakapata dakika mbili za kununa tu.

Tena angalia aliko kwenda. Hakurudi kwa watu. Alikwenda kujichimbia milimani peke yake na kitabu cha uchawi, na mwaka 2022 kwenye Doctor Strange in the Multiverse of Madness akarudi akiwa ndiye adui mwenyewe, anaua watu kwa kutafuta watoto wake. Washabiki wengi wakapiga kelele, "Wamemharibu Wanda wetu!" Mimi sikushangaa. Tanga halikuanuliwa. Aliondoka Westview kama alivyoingia, hana wa kumshika mkono.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Tamthilia ni bomba, mwisho umeenda kombo. Tuzo za Emmy iliteuliwa mara 23 ikapata 3, na moja ilikuwa ya wimbo wa yule mchawi mbeya, ilistahili. Mwenye kulia alie. Ila asiniambie kwamba uchungu ni leseni. Mitaani kwetu tunawajua kina Wanda wasioruka angani. Baba kafiwa na mke, nyumba nzima inatembea kwa ncha za vidole, watoto hawaruhusiwi kucheka wala kulitaja jina la mama. Kila mtu anasema mwacheni, ana msiba. Mwaka unapita, wa pili unapita. Wale watoto nani anawafungulia mlango?

Na lawama si ya yule baba peke yake. Sisi ni hodari wa siku tatu za mwanzo, tunakula wali wa msibani, tunakunja maturubai, na simu hatupigi tena. Wewe unayemjua mmoja wa namna hiyo, weka gazeti chini ukamsalimie. Nenda na utani wako kidogo mfukoni.

Haya, nimemaliza, rusheni mawe. Kambi ya wapelelezi najua mtaniandikia kunirekebisha, nawasubiri kwa hamu. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.