Straika wa Zanzibar akistaafu, magoli yake yanahesabiwa wapi?

Septemba 2007, uwanja mpya wa Taifa Dar es Salaam, huu tunaouita Benjamin Mkapa leo, ulipofunguliwa kwa mechi ya Taifa Stars na Uganda, Stars walishinda 1-0. Mfungaji? Mtoto wa Unguja, Abdi Kassim 'Babi'.

Babi hakuwa straika wa kuvizia langoni. Alikuwa kiungo mshambuliaji mwenye mashuti, mashabiki wakambatiza 'Ballack wa Unguja'. Alipita Mtibwa Sugar, Yanga na Azam, akafika hadi Vietnam. Ameshatundika daluga, lakini goli lile halifutiki, kwa sababu siku ile alivaa jezi ya Tanzania.

Ukivaa ya Zanzibar Heroes, mambo ni mengine.

Chukua fainali ya Chalenji, Desemba 17, 2017, Machakos. Kenya walitangulia mapema, Khamis Mussa akasawazisha dakika za mwisho. Kenya wakaongoza tena katika muda wa nyongeza, Khamis akarudisha tena. 2-2, Kenya wakachukua kombe kwa matuta. Kabla ya hapo Heroes walishaifunga Tanzania Bara 2-1 na kuitoa Uganda nusu fainali. Magoli mawili kwenye fainali ya ugenini, halafu kwa FIFA Zanzibar haimo hata kwenye orodha ya viwango vya ubora.

Kwa mshambuliaji, rekodi ndiyo kinachobaki miguu ikichoka. Mpoland Grzegorz Lato alistaafu miaka mingi iliyopita, lakini andika jina lake kwenye simu yako sasa hivi: magoli 7, Kombe la Dunia 1974.

Kinachouma zaidi ni kwamba mlango uliwahi kufunguliwa. Machi 2017 CAF iliipa Zanzibar uanachama kamili, ikawa nchi ya 55. Julai mwaka huo huo ikaunyang'anya: nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne tu! Klabu za Zanzibar zinaendelea kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika, timu ya taifa haiwezi kucheza hata mechi ya kufuzu AFCON.

Na hapa ndipo Chukwani inapoingia. Michezo si jambo la Muungano, kwa hiyo bajeti yake Zanzibar inapitishwa pale, Baraza la Wawakilishi. Mambo ya nje ni ya Muungano. Wawakilishi wanaweza kupitisha fedha za viwanja na ligi, ila kiti cha FIFA hakipatikani kwa kura za Chukwani.

Kwa kijana anayecheza chandimu mita chache kutoka jengo hilo, maana yake ni moja: ngazi ya juu ni Taifa Stars pekee. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, Wazanzibari wakiwa kama milioni 1.9. Wote wanagombea nafasi mbili tatu za ushambuliaji. Wapo wanaopenya, Feisal Salum ni shahidi, na hata kocha wa Heroes wa Machakos, Hemed Suleiman 'Morocco', alikuja kuinoa Stars. Lakini hao ni wachache.

Uwezo si tatizo. Januari 2025, Gombani, Pemba, Heroes waliifunga Burkina Faso 2-1 na kubeba Kombe la Mapinduzi. Agosti, Burkina Faso hao hao walikuwa Dar wakifungua CHAN dhidi ya Stars. Uwanja wa Amaan nao ulipewa mechi za mashindano hayo. Sudan iliipiga Nigeria 4-0 pale, Unguja mjini, kwenye nyasi za nyumbani za Heroes.